Kinachomnyanyua Mzee Kitini



Nilipotakiwa kuja kuzungumza nanyi jioni hii juu ya watu wazima na mazoezi ya viungo, nilidhani kwanza kwamba natakiwa kuyakariri yale ambayo matabibu wetu huyasema kila siku zahanati, nanyi mmekwisha kuyasikia hata hayawashitui tena: kwamba mwili usiotumika hudhoofu, kwamba presha na kisukari huwaandama zaidi wanaoshinda wamekaa, na kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewausia watu wa umri wa miaka 65 na zaidi wapate kwa juma dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani, na juu ya hizo, siku tatu au zaidi za mazoezi ya nguvu na ya kuuzoeza mwili usipepesuke. Yote hayo ni kweli, wala sikuja kuyapinga. Lakini kadhia iliyonishughulisha mimi siku nyingi ni nyingine, nayo ni hii: kwa nini mzee mmoja, ilhali anayajua hayo yote na ameandikiwa na daktari wake, hashuki barazani mwake tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, na mwenzake wa rika moja, ambaye hajapata kusikia hata nusu ya maneno hayo, alfajiri humkuta yuko njiani?

Jawabu linalotolewa upesi ni kwamba huyu wa pili ana nia na yule wa kwanza ni mvivu. Jawabu hilo silikubali, kwa sababu nimewaona wavivu wa ujanani wakawa wepesi uzeeni, na wachapa kazi walioheshimika maisha yao yote wakakaa kitini mwaka wa kwanza wa kustaafu wasiinuke tena. Wala sikubali kwamba dawa ni kuwatisha. Hofu ya maradhi humwamsha mtu kwa juma moja, pengine mawili, hasa akiwa ametoka kumzika mwenziwe aliyepooza. Kisha moyo huizoea, kama unavyozoea kila kitu, na viatu vya mazoezi alivyoletewa na mwanawe kutoka Dubai hurudi uvunguni. Ninalolidai mbele yenu ni kwamba mtu mzima hunyanyuliwa na kungojewa: awe anangojewa na mtu, au na kazi, au na saa maalumu ya siku, madhali anajua kwa yakini kwamba asipofika pana kitu kitapungua.

Kabla sijaendelea, naomba tuliondoe njiani lile neno ambalo wazee wenyewe hulitanguliza, kwamba mwili umekwisha na hauwezi tena. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenziwe walichapisha habari za jaribio walilolifanya huko Boston, Marekani, katika nyumba ya kutunzia wakongwe. Walichukua watu 10, mdogo wao akiwa na miaka 86 na mkubwa wao 96, wakawanyanyuzisha vyuma kwa miguu muda wa majuma 8, wala si vyuma vya kuwabembelezea, ila vizito kwa kadiri ya nguvu za kila mmoja. Mmoja alijitoa, wale 9 waliomaliza, nguvu za mapaja yao zilizidi kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutembelea fimbo. Habari hii hupenda kusimuliwa mpaka hapo, na wasimuliaji huuruka mwisho wake, ambao kwangu mimi ndio wenye mafunzo zaidi: mazoezi yaliposimamishwa, haikupita ila majuma manne, na karibu thuluthi ya nguvu zile ikawa imekwisha kupotea. Basi mwili unaweza, hata katika umri ambao sisi tunauona kuwa ni wa kusomewa Yasini. Illa unataka sababu ya kesho, na ya kesho kutwa, na mtafiti mwenye daftari, akiisha kuondoka, huondoka na sababu hiyo.

Sababu hiyo ya kila siku pengine hutoka kazini. Katika mji wa London, miaka ile ya baada ya vita, tabibu Jerry Morris aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa mbili, akachapisha matokeo yake mwaka 1953: makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, ingawa walikuwa watu wa tabaka moja na walipanda chombo kilekile. Dereva alishinda amekaa, na kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi. Lakini jiulizeni, kondakta yule alipanda ngazi kwa ajili ya moyo wake? Alipanda kwa sababu huko juu kulikuwa na abiria ambaye hajalipa nauli.

Sasa niruhusuni nikae kidogo juu ya mfano ulio karibu nasi zaidi, tena ambao sisi watu wa miji ya pwani hatuutazami, kwa kuwa watu wake tumezoea kuwataja kwa dharau. Kandokando ya Ziwa Eyasi, huku kwetu Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao idadi yao haipiti watu elfu moja na mia kadhaa, na baadhi yao wangali wakipata riziki yao kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda pori na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa kike, Kristen Hawkes, pamoja na James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikwenda kukaa nao, wakawa wanahesabu nani anafanya kazi gani na kwa muda gani. Mimi na nyinyi tungetaraji kuwakuta wakongwe wamekaa kivulini wanaletewa chakula. Waliyoyakuta yaliwashangaza hata wakayaandika, mwaka 1989, kwa kichwa cha maneno kinachowasifu mabibi wa Kihadzabe kwa uchapaji kazi: wanawake waliokwisha kukoma kuzaa ndio waliotumia saa nyingi zaidi porini kuliko binti zao, wakiichimba ardhi ngumu yenye mawe kwa vijiti vilivyochongwa ncha, wakiitafuta mizizi ambayo mtoto mdogo hana nguvu za kuifikia. Na walipoendelea kupima waliona jambo la pili, lenye kugusa moyo zaidi, kwamba mama akiisha kujifungua, na akawa hana tena wasaa wa kutoka kwenda mbali, unono wa yule mtoto wake mkubwa, aliyekwisha kuachishwa ziwa, hufuata kazi ya nyanya yake. Bibi akichimba sana, mjukuu huongezeka uzito.

Huyo ndiye mtu anayengojewa, mabibi na mabwana. Hakuna aliyemwambia ahesabu hatua zake, wala hakumbuki siku ya kupimwa presha. Watafiti wengine waliokwenda huko baadaye, wakawafunga watu vipimo vya mapigo ya moyo, waliona kwamba Wahadzabe hupata kwa siku zaidi ya saa mbili za mwendo unaousukuma moyo, kadiri ambayo watu wengi wa Marekani hawaipati kwa juma zima, na moyo na mishipa yao ilikuwa salama. Nawaombeni, hata hivyo, msije mkatoka hapa mkasema kwamba nimeusifu umaskini, au kwamba taabu ni dawa. Nimekwenda Paje na Jambiani nikawaona akina mama wa umri wa bibi zetu wakiinama majini wakati wa bamvua, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, na wengi wao watakwambia habari za viuno vyao na bei ya mwani kabla hujauliza. Ninalolisema ni kwamba maji yakitoka wao hutoka, kwa sababu maji hayamsubiri mtu na fedha ile, ingawa ni kidogo, ni yao wenyewe, wala hawaiombi kwa mume wala kwa mwana. Na raghba hiyo ya kuwa na cha mkononi mwako haizeeki.

Kuna jambo moja jingine la Wahadzabe ambalo sikuweza kulipita. Mwaka 2020 zilichapishwa habari kwamba watu hawa, pamoja na sifa zote hizo, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, wakati wa kuwa macho, na muda huo hautofautiani sana na muda tunaokaa sisi wa mjini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao huwa ni ya kuchutama au kupiga magoti, na miguu ya aliyechutama haijalala, inafanya kazi ndogondogo wakati wote. Nilipoisoma habari hiyo niliyakumbuka majamvi yetu. Zamani zile mtu wa pwani alikula juu ya mkeka, akasoma juu ya mkeka, akazungumza juu ya mkeka, na kila alipotaka maji au alipogonga mgeni ilimbidi aunyanyue mwili mzima kutoka sakafuni. Leo tunalo kochi, na kochi humnyang'anya mtu mapaja yake bighairi ya yeye kujua. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili, kwa hiyo mwenye kuzitimiza huligusisha ardhini paji la uso wake mara 34 kwa siku. Sala haikuamrishwa iwe mazoezi ya viungo, na anayeisifu kwa hilo ameipunguzia hadhi yake. Lakini mwili wa mwenye kusali haukosi kupata sehemu yake. Na mtazame mzee anayesema kwamba miguu haimfikishi sokoni: wakati wa Alasiri ameonekana msikitini, na msikiti uko mbali kuliko soko. Ana imani yake, ndiyo, na thawabu anazitaka. Ila pia anajua kwamba akikosekana siku mbili katika safu, siku ya tatu watakuja watu kubisha hodi.

Nimefika sasa mahali ambapo pengine sitapendwa na vijana waliomo humu. Sisi wenyewe ndio tunaowalaza wazee wetu, tena kwa mapenzi. Katika mtaa wetu yuko bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 75, ambaye umri wake wote alikuna nazi kwa mkono wake. Huiweka sinia chini ya ulimi wa mbuzi, hukaa juu ya ule ubao mfupi magoti yakiwa yamepanda, hukishika kifuu kwa viganja viwili na kukizungusha kidogo kidogo ili asifike kwenye gome jeusi, kisha huinuka akafuate maji na kifumbu, hukaa tena, hukamua tui zito na kuliweka kando, hutia maji mengine kwenye machicha akapata la pili. Ukihesabu kuinuka na kukaa kwake kwa wali wa siku moja utachoka wewe. Mwanawe, kijana mwema, akapata kazi nzuri, akanunua blenda, mkewe, binti wa watu mwenye adabu zake, akaipokea kazi ya jikoni na kumwambia yale maneno tunayoyasema sote, "Mama, wewe kaa upumzike, umetufanyia mengi." Sokoni akawa anakwenda kijana wa bodaboda. Nguo zikafuliwa na msichana. Haukuisha mwaka, na bibi yule akawa anataka kushikwa mkono kwenda msalani, na familia nzima ikafadhaika na kumpeleka hospitali kutazama amepatwa na nini.

Hapana aliyekosa hapo kwa nia. Katika desturi zetu, kumpumzisha mzazi ni heshima yake na ni fahari ya mtoto, na mwana ambaye mamaye anaonekana na kapu sokoni husemwa. Lakini heshima hii tumeifahamu nusu. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin waliandika juu ya nyumba moja ya wazee huko Connecticut, ambako wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yamo mikononi mwao, wakapewa kila mmoja achague mche wake wa kuumwagilia maji na kuulea, na wa ghorofa nyingine wakapewa miche pia, ila wakaambiwa kwamba wauguzi ndio watakaoitunza. Baada ya majuma matatu wale wenye kulea miche yao wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi, wakitembeleana na kujishughulisha, na wenzao walikuwa wanazidi kudorora. Mche mmoja katika chungu! Nasi tunao wazee waliolima mashamba ya mikarafuu, waliokuwa manahodha na makungwi, tunawaweka mbele ya televisheni na kuuliza kwa nini hawana hamu.

Kwa wanaume mambo ni mabaya zaidi, na hili nalisema kwa haraka kwa kuwa wengi mnalijua. Mwanamke mzima aghalabu hubaki na jiko, na wajukuu, na mialiko ya harusi na hitima. Karani aliyestaafu ofisi yake ilimngoja miaka 30, kisha siku moja ikaacha kumngoja. Akikaa barazani kwa bao, bao humnoa akili, sikatai, lakini mchezaji wa bao hana haja ya kusimama mpaka aondolewe. Nimewaangalia wazee wetu siku ya kupokea ile pensheni jamii, ambayo hapa Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, kwa shilingi 20,000 za mwezi wakati ule. Fedha haikuwa nyingi. Ila mtu alifika kabla ya saa, amepiga pasi kanzu yake, akasimama na wenziwe waliosoma chuo kimoja, akaulizia habari za asiyekuwapo. Kama siku ile ingekuwa kila juma, na kama pangekuwa na sababu ya kuijia!

Wajapani waliitafutia sababu hiyo redio. Tangu mwaka 1928 shirika lao la utangazaji hupiga muziki wa mazoezi ya viungo asubuhi na mapema, na ingawa yalikatizwa baada ya kushindwa vitani, yalirejeshwa mwaka 1951, na mpaka hivi leo, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, wazee hukutana viwanjani na bustanini, hunyoosha mikono pamoja kwa dakika 10, kisha hurudi majumbani kunywa chai. Mazoezi yenyewe ni mepesi mno, mtu angeweza kuyafanya chumbani kwake peke yake, lakini hayafanyi. Huenda kiwanjani kwa sababu muziki hauanzi kwa ajili yake, na nafasi yake ya kusimama jirani anaijua.

Mtaniuliza, na wale wasio na mtu? Yaani yule aliyemzika mkewe, akamzika na mwanawe, na mtaa wake umehama; huyo anangojewa na nani? Swali hili ni gumu, na sina jawabu lake lote. Nitawatajia mtu mmoja tu, Fauja Singh, mkulima wa Punjab aliyezaliwa mwaka 1911. Alifiwa na mkewe mwaka 1992, kisha mwaka 1994 akafiwa na mwanawe Kuldip katika ajali ya ujenzi, na huzuni ikamtupa mbali na kwao, mpaka Uingereza kwa mwana mwingine. Na huko, mzee asiyejua kusoma wala lugha ya wenyeji, akaanza kukimbia. Mwaka 2000, akiwa na miaka 89, alikimbia marathoni ya London. Mwaka 2003 alimaliza ya Toronto kwa saa 5 na dakika 40, na mwaka 2011, akiwa na miaka 100, alirudi Toronto akaimaliza tena kwa saa 8 na dakika kiasi. Waandishi wa kitabu cha rekodi za dunia walikataa kumwandika, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, jambo ambalo wazee wengi waliomo humu wataliona ni la kawaida kabisa. Wapo wanaosema alikuwa na mwili wa ajabu, na bila shaka alikuwa nao. Lakini mwili ule ulikuwapo kabla ya mwaka 1994 na haukukimbia marathoni. Aliyapata baadaye yale aliyoyakosa: mwalimu aliyemngoja saa fulani mahali fulani, watu wa dini yake wa kukimbia nao, na makundi ya watu njiani waliolijua jina lake. Alifariki mwaka 2025, kijijini kwao, baada ya kugongwa na gari.

Limebaki neno la wenye maumivu, na bila hilo ningekuwa nimewadhulumu. Maumivu ya magoti na kiuno ni ya kweli. Si udhaifu wa moyo, na mtu asiambiwe atembee kama mgonjwa asiyesadikiwa. Mwenye kifua kubana au kizunguzungu na amwone tabibu kwanza. Mwenye magoti mabovu tu anaweza kuanza na jambo dogo, la kunyanyuka kitini bila kusukumia mikono, mara tano asubuhi na mara tano jioni, kiti kikiwa kimegemezwa ukutani kisiteleze. Ni zoezi duni, na mzee akiachiwa karatasi yenye picha zake ataifungia njugu. Afadhali karatasi ibaki zahanati na aje mjukuu amhesabie, tena aje saa ileile kila siku; na siku asipoweza kuja, atume mtu aseme haji.

Sasa namrudishia Bwana Mwenyekiti baraza yake, kwani naona pale nyuma mikono imekwisha kunyooshwa.